Sauna Nyumbani Nyakitonto? Inawezekana! Vidokezo 12 vya Kupanga na Kufunga Chumba cha Joto Bila Kuunguza Waya wala Mfuko

Ukiishi Nyakitonto, Heru Juu au kule Kibondo, mkoani Kigoma, huna haja ya kusimuliwa baridi ya Juni na Julai. Alfajiri maji ya ndoo hayagusiki, na mgongo uliolima jana unalalamika kabla hujaamka. Kujifukiza tunakujua tangu kwa bibi: sufuria, majani ya mkaratusi, mchaichai na blanketi zito. Mwaka 2020, wakati wa korona, hata Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua huduma ya kujifukiza.

Sasa wenye nyumba wameanza kuulizia hatua inayofuata: sauna ya infraredi, kijumba cha mbao chenye paneli za joto, unachoweza kukiweka ndani ya chumba ulicho nacho. Na kwa nini isiwe hapa kwetu? Kasulu na Kibondo ziliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na mwaka 2022 zikaungwa kwenye gridi ya Taifa. Umeme upo, mafundi wapo, mbao zipo. Kinachotakiwa ni mpango mzuri, na siri yake ni moja: pima kwanza, nunua baadaye. Twende kazi!

1. Lijue joto unalolinunua

Ukikaa mbele ya mafiga usiku, uso unachemka huku mgongo umebaki baridi. Hiyo ndiyo infraredi: joto linaruka kutoka kwenye moto mpaka kwenye ngozi bila kusubiri hewa ya chumba ipate moto. Sauna ya Kifini hupasha hewa kwa mawe ya moto, mara nyingi kati ya nyuzi 70 na 100 za Selsiasi. Ya infraredi hutosheka na nyuzi 45 hadi 60 hivi. Maana yake kwako ni nini? Umeme kidogo, hakuna mawe, hakuna bomba la maji, hakuna dohani. Kwa nyumba ya kawaida ya tofali za kuchoma na bati, hii ndiyo sauna rahisi kuliko zote. Umeshaanza vizuri!

2. Pima volti kabla ya kupima chumba

Umeme wetu umepangwa kuwa volti 230. Lakini kama nyumba yako iko mwisho wa laini ndefu ya kijijini, jioni kila mtu akiwasha pasi na televisheni, volti hushuka. Zikishuka mpaka 190, sauna ya wati 1,800 hubaki na nguvu ya wati 1,230 hivi tu. Utakaa humo ukisubiri jasho lisilokuja! Mbinu: mwombe fundi umeme akupimie kwa mita yake, au akuachie, upime kwa siku tatu saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku. Andika namba kwenye daftari. Mara nyingi utagundua kwamba asubuhi ndiyo saa yako, na asubuhi ndiyo baridi inapouma. Umepata faida mbili kwa kipimo kimoja.

3. Chagua kona, usijenge jumba

Huhitaji kuongeza chumba. Sauna ya mtu mmoja huchukua kama sentimita 90 kwa 90, na ya watu wawili kama 120 kwa 105, na kimo chake hukaribia mita mbili. Ile stoo yenye magunia matupu na baiskeli isiyo na mnyororo inatosha kabisa! Angalia mambo matatu: iwe karibu na meinswichi ili waya usiwe mrefu, iwe karibu na bafu ili usipite sebuleni unatiririka jasho mbele ya wageni, na iwe mbali na mahali bati linapovuja masika. Chora umbo la sauna sakafuni kwa chaki, kisha fungua mlango wa chumba. Unafunguka wote? Umeweza kuzunguka? Acha pia nafasi ya sentimita 10 kila upande wa ukuta, na juu paache pengo la kuingiza mkono wa fundi. Chaki ya mtoto wa shule imekuokoa na hasara.

4. Ipe sauna laini yake peke yake

Hapa hakuna mkato. Usichomeke sauna kwenye ekstensheni pamoja na friji na chaja za simu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawa wati kwa volti. Sauna ya wati 1,800 ikigawanywa kwa 230 ni ampea 7.8, na ya wati 2,500 ni karibu ampea 11. Hizo ni ampea za kudumu, dakika 40 mfululizo, na soketi iliyolegea itaanza kunuka plastiki. Mwambie fundi avute waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye meinswichi moja kwa moja, wenye sakiti breka yake. Kwa sauna kubwa, aweke swichi ya ampea 20, ile ile inayofungwa kwa hita za maji bafuni. Na fundi huyo awe na leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe, fundi wa kweli huitoa kwa furaha.

5. Erthi kwanza, jasho baadaye

Utakaa ndani ya kijumba hicho ukiwa na ngozi iliyolowa. Kwa hiyo erthi si pambo! Fimbo ya shaba ichimbiwe mahali penye unyevu, na ipimwe kwa kifaa, si kwa kukisia. Mbinu ya huku kwetu: ipime Agosti au Septemba, udongo ukiwa umekauka. Erthi ikifaulu kiangazi, masika itafaulu zaidi. Ongeza kifaa cha RCD cha miliampea 30, kinachokata umeme papo hapo ukianza kuvuja. Halafu kuna radi, na nyanda hizi hazina uhaba wa radi kuanzia mvua za Oktoba. Ukisikia ngurumo, zima, kata swichi, toka. Mvua ikipita, sauna itakuwa palepale ikikusubiri.

6. Fanya urafiki na LUKU yako

Swali la kila mtu: "Itakula uniti ngapi?" Jibu linakaa kiganjani. Wati 1,800 kwa dakika 40, yaani 15 za kupasha na 25 za kukaa, ni uniti 1.2. Ukiingia mara tatu kwa wiki, ni kama uniti 15 kwa mwezi. Haitishi, sivyo? Lakini angalia mtego mmoja. Kama uko kwenye daraja la matumizi madogo, lile la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti hizo 15 zinaweza kukuvusha mstari, na ukivuka bei ya uniti hupanda zaidi ya mara mbili. Fungua jumbe za tokeni za miezi mitatu iliyopita, jumlisha uniti, gawa kwa tatu. Ukipata 50, una nafasi. Ukipata 70, punguza kwingine au panga bajeti mpya mapema. Na wenye sola ya taa na televisheni, hiyo haitabeba sauna. Iacheni iendelee na kazi yake nzuri.

7. Mbao safi, zilizokauka, zisizopakwa kitu

Kama utanunua sauna iliyotengenezwa tayari, ruka kidokezo hiki. Kama umenunua paneli tu na unataka seremala wa Kasulu akutengenezee kijumba, kaa hapa. Mbao za msindano, zile nyingi zinazotoka Sao Hill kule Mafinga, zinafaa, na saiprasi inafaa pia. Chagua zenye vifundo vichache, maana kifundo chenye utomvu kikipata joto hutoa gundi, na gundi hiyo itakaa mgongoni kwako. Epuka kabisa mbao zilizowekwa dawa ya kuzuia mchwa, na usipake vanishi wala rangi kwa ndani. Utakuwa unavuta harufu yake ndani ya chumba kilichofungwa!

Mbinu ya kujua kama ubao umekauka: kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya duka, kiweke mahali pakavu wiki nzima, kipime tena. Kikipungua uzito, bado kina maji; mbao zake zitapinda na milango haitafunga. Mwambie seremala pia azamishe vichwa vya skrubu vyote kwenye benchi, maana chuma kikipata joto, ngozi ndiyo itakayokuarifu. Na vipande vya benchi viachane kama sentimita moja ili jasho lipite na hewa izunguke.

8. Mchwa nao wanataka sauna

Chumba chenye joto na mbao tamu: mchwa wa nyanda za juu wakikisikia hawatakaa mbali. Usipambane nao kwa dawa ndani ya sauna. Pambana nao kwa mpango! Weka kijumba juu ya sakafu ya zege iliyosawazishwa kwa pima maji, kisha kiinue kwa miguu ya sentimita tano au zaidi. Pengo hilo ndilo mlinzi wako. Kila mwezi lala chini, mulika tochi ya simu, tafuta zile njia nyembamba za udongo zinazopanda kwenye miguu. Ukiziona, zivunje na umwite mtu wa dawa ashughulikie msingi kwa nje.

Adui wa pili ni vumbi jekundu la kiangazi. Likitua kwenye paneli, ukiwasha linanuka kama kitu kinachoungua. Kata umeme, acha paneli zipoe, futa kwa kitambaa kikavu. Dakika tano kila Jumamosi, na umemaliza.

9. Soma kibandiko kabla ya kulipa

Picha za mtandaoni zinavutia, lakini kinachosema ukweli ni kile kibandiko kidogo cha nyuma ya mashine. Tafuta maneno mawili: volti 220 hadi 240, na hezi 50. Ndugu yako aliyeko Marekani akitaka kukutumia zawadi, mshukuru sana, kisha mwulize volti. Za kule nyingi ni 120, na ukizichomeka hapa utaaga paneli siku hiyo hiyo. Plagi nayo iwe ya pini tatu bapa kama zetu.

Bei usiihesabu ya kiwandani peke yake. Jumlisha ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, uthibitisho wa ubora wa TBS, na usafiri kutoka bandari ya Dar es Salaam: ama kwa treni ya reli ya kati mpaka Kigoma, ama kwa lori kupitia Nyakanazi na Kibondo. Mlango wa kioo usafiri ukiwa umesimama, si umelala chini ya magunia ya mtu. Mwambie msafirishaji mapema, na umwandikie kwenye karatasi ya mzigo.

Mfuko haujafika huko? Usikate tamaa! Lipo blanketi la infraredi, unaloingia ukiwa umelala na kulikunja ukimaliza. Linakula umeme kidogo zaidi na halihitaji seremala. Anza nalo msimu mmoja wa baridi, ujue kama joto hili linakufaa, ndipo uwaze kijumba.

10. Siku ya kufunga, waite mafundi wawili kwa pamoja

Kijumba kilichotengenezwa tayari huja kwa vipande bapa, kwa hiyo kinapita kwenye mlango wa kawaida. Utaratibu wake ni huu: sakafu, ukuta wa nyuma, kuta za pembeni, benchi na paneli zake, ukuta wa mbele wenye kioo, na mwisho paa. Kosa linalojirudia ni seremala kumaliza kazi asubuhi na kuondoka, halafu fundi umeme anakuja jioni na kukuta nyaya zimebanwa nyuma ya ukuta. Kila kitu kinafunguliwa upya, na posho inalipwa mara mbili! Waite siku moja, wapikie ugali na maharage ya njano ya Kigoma, wafanye kazi wakiulizana.

Kabla hawajaondoka, washa sauna dakika 30 bila mtu ndani. Gusa plagi na swichi: vuguvugu kidogo sawa, moto sana hapana. Hakikisha mlango unafunguka kwa nje ukisukumwa kwa kidole kimoja, na usiwe na komeo wala kitasa cha kufunga. Mtu aliyezidiwa na joto hana nguvu za kutafuta ufunguo.

11. Mkaa marufuku, maji marufuku

Umeme ukikatika ghafla, wazo litakujia: "Si niingize jiko la mkaa humu nimalizie?" Hapana, ndugu yangu, hapana kabisa! Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na huua mtu akidhani anasinzia. Jiko halina nafasi ndani ya sauna, hata kwa dakika mbili, hata mlango ukiwa wazi nusu.

Na sufuria ya kujifukizia? Nayo ibaki nje. Paneli za infraredi ni vifaa vya umeme vya mahali pakavu. Mvuke na maji ya kumwagia mawe ni mambo ya Kifini. Siku ya mchaichai, jifukize chumbani kama zamani. Siku ya sauna, ingia na taulo kavu mbili: moja ya kukalia, moja ya kufutia jasho.

12. Anza na dakika 15, mwili utakushukuru

Usiingie siku ya kwanza na nyuzi 60 kwa saa nzima ili kuwaringia majirani. Anza na nyuzi 45, dakika 15, mara mbili kwa wiki, kisha ongeza taratibu. Wala usidhani muda mfupi ni kupoteza umeme: madaktari wa Kagoshima, Japani, waliotumia joto hili kwa wagonjwa wa moyo wakiwa chini ya uangalizi, waliweka nyuzi 60 kwa dakika 15 tu, kisha wakamfunika mgonjwa blanketi kwa dakika 30. Fuata nusu ya pili ya mbinu hiyo: ukitoka, jifunike khanga au shuka, kaa, pumzika. Kunywa glasi mbili za maji kabla na nyingine baada. Simu iache nje. Haipendi joto, na wewe umekuja kupumzika.

Wenye presha, moyo, kisukari, wanaotumia dawa za kila siku na akina mama wajawazito, muulizeni daktari kwanza. Watoto wadogo wasiingie. Ukishakunywa pombe, ikiwemo ile ya ndizi ya sherehe ya jirani, subiri kesho. Na la muhimu kuliko yote kwa mkoa wenye malaria kama wetu: ukihisi homa, kichwa na viungo vinauma, sauna si dawa. Nenda zahanati ukapimwe siku hiyo hiyo. Joto hili hulegeza misuli, huleta usingizi mzuri na kukupa nusu saa ya utulivu. Lakini halisafishi damu: hiyo ni kazi ya figo na ini, na viungo hivyo havijawahi kuomba msaidizi. Uzito unaopungua kwenye mizani ni maji, utayarudisha ukinywa, na inabidi uyarudishe.

Uanze lini? Wikiendi hii!

Hakuna haja ya kusubiri hela zote zitimie ndipo uanze. Ijumaa jioni, fungua jumbe za LUKU ujumlishe uniti. Jumamosi, chora kona yako kwa chaki na uanze kipimo cha volti cha siku tatu. Jumapili baada ya ibada, ongea na fundi umeme kuhusu erthi na laini mpya, umwombe makadirio kwa maandishi. Mambo hayo matatu hayakugharimu zaidi ya soda ya fundi, na hata ukiamua kuahirisha sauna mpaka mwakani, utabaki na makadirio ya kuimarisha erthi na waya wa nyumba yako. Ukiamua kuendelea, utaagiza ukijua ukubwa, wati na bajeti, na hakuna muuzaji atakayekuuzia kisichokufaa. Kila la heri, na Juni ikukute tayari!